Kuhamia kompyuta mpya ofisini: je, kunakili Desktop na Documents kunatosha?

Karani wa Njiro (Arusha)

Habari zenu ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa jambo hili.

Ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya utalii hapa Njiro. Kompyuta yetu ya mezani inatumia Windows 10, na haikubali kupandishwa hadi Windows 11 kwa sababu prosesa yake ni ya zamani. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mkurugenzi amenunua laptopu mpya na ameagiza tuhame sasa hivi, wakati wa masika ambapo kazi imepungua, kabla wageni wa Juni hawajaanza kuingia.

Kilichomo ndani ya kompyuta ya zamani ni takriban gigabaiti 340: picha na video za safari, ankara na orodha za bei zilizo katika Excel, nakala za pasipoti za wageni, hesabu zetu katika Tally, pamoja na barua pepe za ofisi katika Outlook tangu mwaka 2016. Nina diski ya nje ya terabaiti 1. UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) hatuna, na umeme wa msimu huu wa mvua mnaujua wenyewe.

Nilikusudia kuchomeka diski, kunakili Desktop na Documents, kisha kubandika kwenye laptopu. Fundi mmoja wa mjini amenitaka nimpelekee mashine yote aishughulikie dukani kwake, lakini kwa sababu ya zile pasipoti sioni kama ni busara. Naomba kujua kama folda hizo mbili zinatosha, nianze na kipi, na kama ni salama kumkabidhi mtunza stoo kompyuta ya zamani siku hiyohiyo, kama mkurugenzi anavyotaka.

Fundi wa Ngarenaro

Ndugu Karani, folda hizo mbili hazitoshi, na kati ya vyote ulivyovitaja, kinachonitia wasiwasi ni Outlook kuliko picha. Picha zikikosekana mtu atajua jioni hiyohiyo. Barua pepe hupotea bila mtu kujua, mpaka siku wakala wa Ujerumani atakapodai kwamba mlikubaliana bei fulani, nanyi hamna pa kuitafuta barua hiyo.

Fungua Outlook, nenda File, kisha Account Settings, halafu Account Settings tena, usome safu ya Type. Ikiwa imeandikwa IMAP au Exchange, barua zenu zinakaa kwenye seva, na laptopu mpya itazishusha upya utakapoingiza anwani na nywila. Hapo gharama ni bando tu. Ikiwa imeandikwa POP, hali ninayokutana nayo mara nyingi katika ofisi zilizofungua barua pepe zao miaka mingi iliyopita, basi barua zikishashushwa hufutwa kwenye seva au huachwa huko kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo barua zenu zote tangu 2016 zitakuwa ndani ya faili moja lenye kiambishi .pst, na faili hilo lipo kwenye hiyo kompyuta peke yake. Kichupo cha Data Files, kilicho palepale, kitakuonyesha liko folda gani. Outlook za karibuni huliweka ndani ya Documents, lakini toleo la 2007 na yaliyolitangulia yaliliweka ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Kama ofisi imekuwa ikipandisha matoleo juu ya yale ya zamani, huenda faili bado liko huko, na anayenakili Documents pekee hatalipata.

Funga Outlook kabisa kabla ya kunakili PST, kwa sababu faili likiwa wazi Windows itakataa kulinakili. Kisha iangalie hiyo diski ya nje: ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, usome mstari wa File system, yaani mfumo ambao diski hutumia kupanga mafaili. Ikiwa ni FAT32, diski haitapokea faili lolote linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa namna gani, na PST ya miaka yote hiyo kwa vyovyote imezidi hapo. NTFS na exFAT hazina kikwazo hicho.

Kuhusu Desktop, kabla hujanakili chochote kitazame vizuri unachokinakili. Nimeletewa hapa dukani diski ya nje ambayo mwenyewe aliamini imebeba ofisi nzima. Folda ya Ankara ilionekana, folda ya Mikataba ilionekana, majina yote yalikuwa sahihi. Lakini kila alama ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, na ukubwa wa kila moja ulikuwa kilobaiti 2. Alikuwa amenakili njia za mkato, si folda zenyewe. Folda zilibaki kwenye diski D ya kompyuta aliyokuwa ameshaiuza. Ukiona kimshale hicho, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location, unakili kile utakachokikuta huko. Na katika zoezi hili lote tumia kunakili tu. Usikate na kubandika, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kukata utabaki na vitu nusu huku, nusu kule, na hutajua kipi ni kipi.

Kuhusu huo umeme, kwa folda za picha na video ningekushauri uache kuburuta kwa kipanya na utumie amri ya robocopy, ambayo imo ndani ya Windows yenyewe. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), uandike mfano huu ukibadilisha herufi za diski na majina ya folda kulingana na yako:

robocopy "D:\Picha" "E:\Nakala\Picha" /E /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Faida yake ni kwamba umeme ukikatika, ukirudi unaandika amri ileile, nayo itayaruka mafaili yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Usiache kuandika /R:1 na /W:1, kwa sababu bila hizo robocopy ikikutana na faili bovu itajaribu tena mara milioni 1, kila mara ikisubiri sekunde 30, na utaikuta imesimama palepale kesho yake. Ukisoma mahali mtu anapendekeza /MIR, iache: hiyo hufuta kwenye diski ya nje kila kisichokuwepo kwenye kompyuta, na ukikosea folda itakufutia mpaka video zilizokuwemo tangu awali.

Muda utategemea tundu la USB. Kwenye USB 2.0 diski ya kawaida huenda megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gigabaiti 340 zitachukua zaidi ya saa 3, na picha ndogondogo nyingi huongeza muda. Kama kompyuta ina tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la buluu, tumia hilo.

Mwongoza watalii, Usa River

Kwa nini kujisumbua na amri za kuandika kwa mkono? Pandisha kila kitu kwenye Google Drive, ufungue akaunti ileile kwenye laptopu mpya, na kazi imekwisha. Sisi picha zetu zote ziko huko na hakuna diski ya kubeba wala ya kuanguka.

Mwalimu wa kompyuta, Sakina

Ndugu yangu wa Usa River, kwa picha za simu ushauri wako ni mzuri, lakini kwa ofisi ya Njiro hesabu inakataa. Google Drive hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, gigabaiti 5; zaidi ya hapo ni kulipia kila mwezi. Hata wakilipia, laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde itahitaji zaidi ya siku 6 mfululizo kupandisha gigabaiti 340, bila umeme wala mtandao kukatika hata mara moja, kisha laptopu mpya izishushe zote tena. Ningekubaliana nawe kwa folda mbili tatu zenye uzito mkubwa kikazi na udogo wa ukubwa, kama vile mikataba, ankara na faili la nakala la Tally: hizo zipandishwe leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, ili hata diski ya nje ikianguka sakafuni pawe na nakala nje ya ofisi. Kanuni ya 3-2-1, ambayo mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza, inadai hivyohivyo: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 kati ya hizo ikae mahali pengine.

Ila kuna tahadhari inayomhusu Karani moja kwa moja. Angalia kama kwenye kompyuta ya zamani OneDrive imewashwa. Mara nyingi huwashwa mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft bila kusoma anachokikubali, nayo huzihamishia Desktop, Documents na Pictures chini ya folda yake. Mafaili yenye alama ya wingu pembeni yanaonekana kwa jina tu, wakati yenyewe yako mtandaoni. Ukianza kuyanakili, Windows italazimika kuyashusha kwanza, na mtandao usipokuwepo yatashindikana. Chagua folda, bofya kwa kitufe cha kulia, uchague Always keep on this device, usubiri alama zote ziwe za kijani ndipo unakili. Na msidhani kwamba kusawazisha ni sawa na kuwa na nakala rudufu, kwa sababu faili likifutwa kwenye kompyuta moja hufutwa pia mtandaoni na kwenye kompyuta nyingine. Kinachobaki ni kapu la taka, ambalo kwenye Google Drive na kwenye OneDrive ya mtu binafsi hutunza kitu kwa siku 30.

Jingine ni nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kunakili folda ya Chrome hakuzihamishi, kwa kuwa zimefichwa kwa ufunguo unaohusiana na akaunti ya Windows ya kompyuta ile. Ama uwashe usawazishaji kwa akaunti ya ofisi, si ya mtumishi binafsi, au uzitoe kama faili la CSV uziingize upya kwenye laptopu. Faili hilo lina nywila zenu zote katika maandishi ya kawaida yanayosomeka na yeyote, hivyo lisipitie kwenye flashi ya kuazima, na lifutwe mara tu kazi inapokwisha.

Mhasibu, Moshi

Wenzangu wamesema vizuri kuhusu mafaili, lakini Tally ina utaratibu wake na hakuna aliyeugusa.

Usinakili folda ya data huku programu iko wazi. Katika TallyPrime bonyeza Alt+Y, chagua Backup, uelekeze nakala kwenye diski ya nje. Ukurasa huohuo utakuonyesha data inakaa folda gani. Ukishafunga programu, nakili na folda hiyo yenyewe kama akiba ya pili. Kwenye laptopu weka toleo lilelile mnalolitumia sasa, kwa kuwa kubadili kompyuta na kubadili toleo siku moja ni kujitafutia matatizo mawili ambayo hutajua lipi limesababisha lipi.

Kisha kuna leseni. Leseni ya Tally imeamilishwa kwenye kompyuta ile ya zamani, na kabla ya kuiamilisha kwenye laptopu inatakiwa isalimishwe kutoka kule. Utaipata kwenye F1, Settings, License, halafu Surrender, na ni lazima kompyuta iwe na intaneti na iwe nzima. Ukiifomati kompyuta kwanza, au ikifa kabla ya hapo, itabidi uanze kuwasiliana na wakala wa programu, na hapo ankara za wageni zitasubiri. Ndiyo maana wazo la kuikabidhi kompyuta stoo siku hiyohiyo silikubali hata kidogo.

Namna ya kuhakikisha kwamba hesabu zimehama salama ni hii: kabla ya kuhama, chapisha urari wa hesabu na orodha ya wadaiwa kufikia tarehe ya siku hiyo. Ukisharejesha data kwenye laptopu, fungua ripoti hizohizo kwa tarehe ileile uziweke pembeni ya karatasi. Jumla zilingane hadi senti. Zisipolingana, mara nyingi utakuta umerejesha nakala ya zamani iliyokuwa imelala kwenye diski, si ile ya leo, kwa hiyo tarehe iandike kwenye jina la folda.

Mweleze mkurugenzi pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Afisa wa TRA akija kuuliza ankara za nyuma, maelezo kwamba kompyuta ilibadilishwa hayatamsaidia. Mimi huiacha kompyuta ya zamani imezimwa kabatini mpaka mwezi mmoja wa hesabu ufungwe kwenye mashine mpya, ritani ya VAT ikiwemo, kwa sababu ufungaji wa mwezi ndio unaokulazimisha kugusa karibu kila kitu ulichokuwa ukikitumia.

Karani wa Njiro (Arusha)

Nawashukuru sana nyote. Nimeangalia na kukuta kwamba akaunti yetu ni POP, faili la PST lina gigabaiti 14, na diski ya nje ni FAT32 kama Fundi alivyohofia. Ndani yake kuna video ambazo sitaki kuzipoteza. OneDrive haijawashwa. Kwenye Desktop nimekuta vimshale vinne, na kimojawapo ni folda ya mikataba.

Nimekubaliana na mkurugenzi kwamba kompyuta isiende stoo hadi mwezi ufungwe. Ninachoomba kumalizia ni nifanye nini na hiyo diski, je, naweza kuifungua Outlook kwenye kompyuta zote mbili kwa kipindi hicho cha mpito, na siku ya kumkabidhi mtunza stoo niifute vipi ile ya zamani.

Fundi wa Ngarenaro

Diski kwanza. Kuna amri inayoigeuza FAT32 kuwa NTFS bila kufuta kilichomo: convert E: /FS:NTFS, ambapo E ni herufi ya diski yako. Hata hivyo usiifanye kabla hujazinakili video hizo mahali pengine, na laptopu mpya ina nafasi ya kuzihifadhi kwa muda. Umeme ukikatika katikati ya ugeuzaji, huna uhakika wa kukuta diski inasomeka. Bora zaidi, ukishazihamishia video kwenye laptopu na kuona zinafunguka, ifomati diski kwa exFAT au NTFS kisha uzirudishe.

Baada ya kunakili PST, hakikisha kwamba nakala ni sawa na asili. Kwenye kompyuta ya zamani, Outlook ikiwa imefungwa, andika certutil -hashfile, nafasi, jina kamili la faili ndani ya alama za kunukuu, nafasi, kisha SHA256. Itakupa msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Fanya hivyo kwa nakala iliyofika kwenye laptopu. Misururu ikifanana, faili limefika zima. Kisha lifungue kwa File, Open & Export, Open Outlook Data File, utafute barua ya 2016 yenye kiambatanisho na ukifungue kiambatanisho chenyewe. Kwa kazi hii tumia Outlook ile ya kawaida. Ile mpya inayokuja na Windows 11 haijafikia kuyashughulikia mafaili ya PST kwa ukamilifu.

Kuhusu kutumia Outlook mbili kwa pamoja, kwa akaunti ya POP usifanye. Kompyuta itakayotangulia kushusha barua inaweza kuiondoa kwenye seva, na nyingine isiione kamwe; mtajikuta maombi ya wageni yamegawanyika, mengine huku, mengine kule. Siku ya kuhama, iondoe akaunti kwenye kompyuta ya zamani ukiliacha faili la PST lilivyo. Kwenye laptopu waulize wanaohifadhi tovuti yenu kama wanaruhusu IMAP, na kama wanaruhusu, uifungue kwa IMAP tangu mwanzo, huku PST ikibaki pembeni kama kumbukumbu ya zamani.

Ukiwasha hiyo laptopu, ingia kwa akaunti ya Microsoft ya ofisi. Laptopu nyingi za Windows 11 huifunga diski zenyewe kwa usimbaji (encryption), ili isisomeke bila ufunguo, mara unapoingia, na ufunguo wa kuifungua, wenye tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika. Ikiwa ni akaunti binafsi ya kijana aliyesaidia kuiwasha na baadaye akaacha kazi, siku laptopu itakapoudai ufunguo mtaanza kumtafuta Dodoma. Uchapisheni, muuweke kwenye faili la hati za ofisi.

Siku ya kukabidhi stoo, usiridhike na kufuta folda na kumwaga kapu la taka, kwa kuwa programu za kurejesha mafaili huyapata bila shida. Ingia Settings, Update & Security, Recovery, Reset this PC, chagua Remove everything, kisha kwenye Change settings uwashe Clean data. Itachukua saa kadhaa kwenye diski ya kuzunguka, kwa hiyo ianze asubuhi siku ambayo hakuna tangazo la kukatwa umeme, au uazime UPS. Hatua hiyo msiiruke, kwa sababu zile nakala za pasipoti ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wajibu wa kuzilinda ni wa ofisi yenu hata kompyuta ikiwa stoo. Baada ya hapo mtunza stoo aitumie kwa orodha zake za matairi na mahema, bila kuiunganisha na intaneti.